Tulivyohesabu Watu kwa Sahani

Barua ya uhamiaji ilipofika, Crisanto alikuwa juu ya ngazi nyuma ya nyumba akichuma majani ya mlonge. Nilimwita ashuke, hakushuka. Aliniuliza kwanza kama bahasha ni nene au nyembamba, kwa sababu dada yake alimwambia kwamba nyembamba huleta kadi ya ukaazi na nene huleta maswali. Nikaipima kiganjani. Nikamwambia si nene sana, lakini nyembamba nayo siyo.

Akashuka na majani yamemjaa kwenye shati, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa.

Crisanto ni mume wangu. Tulifunga ndoa Januari hapa Stockton, mimi na miaka yangu sitini na sita na yeye na sitini na tisa yake, na wajukuu zangu walicheka kanisani mpaka padre naye akacheka. Tulikulia kijiji kimoja kule Ilocos, Ufilipino. Mimi nikaolewa na mwingine nikaja Kalifonia, yeye akaoa mwingine akabaki na mpunga wake. Wenzetu wote wawili walikwisha kutangulia. Mwaka jana alikuja kumtembelea dada yake, dada yake akamleta kwangu kula chakula cha mchana, na tangu siku hiyo chakula cha mchana hakikumpita tena.

Mimi ni raia wa hapa siku nyingi. Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na wengine kati ya hao wazee ni wadogo kwangu, ila siwaambii. Basi tulipooana nikapeleka maombi ili mume wangu akae. Nikatia saini na fomu ya udhamini, ile ya kuahidi kwamba nitamlisha na kumvisha mimi, serikali isije kubeba mzigo wake. Niliitia saini kwa furaha. Kumlisha nilikuwa nimekwisha kuanza.

Jioni mwanangu Erlinda akapitia kwangu kutoka kazini. Anafanya kazi ya ofisi kwa daktari wa meno, na Kiingereza cha serikali anakisoma kama anavyosoma menyu. Akasoma barua yote kimya, akairudia, halafu akavua viatu. Nikajua kuna kazi.

Barua ilikuwa inadai ushahidi. Ilisema kipato nilichoandika hakitoshi kwa nyumba yenye watu kumi na mmoja, kama nilivyojaza mwenyewe kwenye fomu. Wakataka nakala rasmi ya fomu yangu ya kodi ya mapato, itoke ofisi ya kodi yenyewe, maana ile niliyoitoa mimi kwenye mashine ya fotokopi ya kanisani haikuwatosha. Wakataka na karatasi ya mshahara wa mwaka. Na kama bado hakitoshi, nimtafute mdhamini wa pili, alete na yeye kodi zake. Mwisho wa kujibu umeandikwa pale. Na jibu linapokelewa mara moja tu: ukipeleka nusu, nusu hiyo ndiyo watakayoihukumu.

Crisanto aliuliza wakikataa inakuwaje. Erlinda hakutaka kusema, lakini mama yake nilikuwa nikimwangalia, akasema. Wakikataa, Baba Crisanto atarudi Ilocos, na kuja tena huenda ikachukua miaka.

Sisi wawili tukatazamana. Watu wa umri wetu wakiagana kwenye uwanja wa ndege, hawana uhakika na neno tutaonana.

Sitaki mfikiri tulilia. Nyumba yangu haijui kulia ikiwa na kazi ya kufanya. Usiku huohuo simu zikapigwa, na kufika Jumapili kila mtu anayekula mezani kwangu alikuwa anajua, na kila mtu alikuwa na mpango.

Mniruhusu niwataje, si wengi. Kuna mimi na Crisanto. Kuna Erlinda, mumewe na watoto wao watatu. Kuna Doming, mtoto wa kaka yangu, anayelala chumba cha nyuma na mkewe wakati wakitafuta nyumba, nao wametafuta mpaka tumezoea. Kuna jirani yetu Mzee Isko, ambaye tangu mkewe afariki anatokea saa sita kamili na chupa ya soda mkononi ili asionekane amekuja bure. Na kuna Pacita wa kwaya, anayesema kila Jumapili kwamba hakai, anapita tu. Hao ndio kumi na mmoja. Siku Erlinda alipokuwa akijaza fomu alikuwa amekaa palepale mezani, mimi nakaanga samaki. Akauliza nyumbani kuna watu wangapi, nikageuka nikaangalia sahani zilizopangwa, nikasema kumi na mmoja. Akaandika kumi na mmoja. Hakuna aliyeona ajabu.

Jumapili iliyofuata walikuja na kodi zao. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Watu hubeba keki, hubeba tambi za pansit kwenye trei, lakini wangu walikuja wamekumbatia mafaili. Doming alitangulia, akiwa amevaa koti. Anauza magari, na kwa miaka yote tuliyokaa naye tumeambiwa kwamba bila yeye ile kampuni ingefungwa. Akasema tuache wasiwasi, mdhamini wa pili ni yeye, kipato chake kitawanyamazisha. Erlinda akafungua faili lake, akasoma ule mstari wa chini, akalifunga taratibu.

"Doming," akasema, "mwaka jana uliuza magari au uliyaosha?"

Hata mkewe alicheka, tena yeye kuliko wote. Doming akasema ulikuwa mwaka mbaya wa magari kila mahali. Akavua koti.

Mume wa Erlinda akaleta karatasi yao wawili, ikiwa na majina ya watoto wote watatu. Pacita akatoa yake ndani ya kitabu cha nyimbo, akisema hakai, ameileta tu, halafu akavuta kiti. Mzee Isko alikuja wa mwisho na mfuko wa plastiki mzito. Ndani mlikuwa na kodi za kila mwaka tangu alipokuwa kijana akikata asparaga kwenye mashamba ya huku, zimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikamwambia wanataka za karibuni tu. Akasema wachague wenyewe, yeye hana siri na serikali.

"Weka zote, Luz," akaniambia. "Mimi si wa nyumba hii?"

Nikaziweka zote.

Mimi napenda vitendawili, na furaha ikinizidi vinanitoka vyenyewe. Mezani pale nikatega: mgeni huyu haji ila mara moja kwa mwaka, na akija, kila mtu anatafuta kalamu. Wajukuu wakasema Krismasi. Pacita akasema askofu. Crisanto, ambaye hajawahi kulipa kodi hata siku moja nchi hii, ndiye aliyetegua: kodi. Tukampigia makofi. Nyumba ilikuwa imechangamka kama ya harusi, na mimi nilikuwa na uhakika kwamba afisa yeyote atakayefungua mzigo wetu atatishika kwa wingi wa watu wanaomtaka Crisanto abaki.

Doming alikuwa ameleta boksi. Lilikuwa moja ya yale makubwa tunayojaza vitu vya kupeleka Ilocos, sabuni, nyama ya kopo, taulo, viatu. Na sisi boksi hatulipeleki na nafasi ndani. Ukilitikisa likasikika, umewaaibisha wa nyumbani. Kwa hiyo kodi za watu wote zikaingia, na kwa kuwa zilikuwa bado zinacheza, Pacita akaongeza picha za harusi, Doming akaongeza barua ya sifa kutoka kwa bosi wake, na Mzee Isko akasokomeza pakiti mbili za peremende za maziwa kwenye kona.

Erlinda akazitoa.

"Mjomba Isko, hii ni serikali. Wataita hongo."

"Peremende?"

"Hata peremende."

"Basi hao hawana raha," akasema Mzee Isko, akala moja.

Kilichobaki ni karatasi yangu mimi. Nakala rasmi, ambayo Erlinda aliiagiza usiku ule wa barua, ilikuwa imefika kwa posta siku moja kabla, nami sikuifungua mpaka Erlinda awepo. Akaifungua sasa, akaniambia tuipange kila karatasi na ya mwenzake, tusimchanganye afisa. Doming alikuwa ameshaanza kupiga selotepu upande mmoja. Nikamwambia angoje. Nikatoa kodi zote tena kwenye boksi, na kwa kuwa sikujua zipangwe vipi, nikazipanga kwa njia ninayoijua: kila karatasi mbele ya kiti cha mwenyewe.

Ya Erlinda na mumewe nikaiweka mwanzo wa meza. Watoto watatu wamo humohumo, kwa hiyo viti vitano vimekwisha. Ya Doming na mkewe upande wa dirisha. Ya Pacita karibu na mlango, kwa kuwa hakai. Ya Mzee Isko na kamba yake pembeni yangu. Mbele ya Crisanto sikuweka kitu, hana. Mbele yangu nikaweka ile iliyotoka ofisi ya kodi, karatasi nyepesi, haina hata rangi.

Ilikuwa na jina langu. Nikaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, maana shule yangu ilikuwa ya msingi na Kiingereza nimekiokota kazini. Mwaka ule wa kodi nilikuwa bado mjane. Pale panapoandikwa watu unaowategemeza, palikuwa hapana mtu. Nikainua macho nikaangalia meza. Kila mtu alikuwa na karatasi yake, au alikuwa amekaa ndani ya karatasi ya mwenzake. Isipokuwa mume wangu, hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuwa wa mtu tayari.

Nikaishika meza.

"Kitendawili," nikasema.

Doming akaniambia si wakati wake, Shangazi, selotepu inakauka. Nilikuwa namtazama mwanangu.

"Tega, Mama," Erlinda akasema.

"Nyumba yangu ikiwa na chakula ina watu kumi na mmoja. Ikiwa na kodi ina wawili. Na hakuna aliyetoka."

Watoto wakaanza kubahatisha. Erlinda hakubahatisha. Aliangalia karatasi yangu, akaangalia yake, akaangalia ya Doming na ya Pacita na ule mzigo wa Mzee Isko. Akashika simu yake, akatafuta maelezo ya ile fomu, akayasoma akitembea kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi. Kisha akasimama akatusomea. Unajihesabu wewe mwenyewe. Unamhesabu mumeo na watoto wako wadogo. Unamhesabu uliyemwandika kwenye kodi yako kwamba unamtegemeza, na uliyewahi kumdhamini kabla, na huyo unayemdhamini sasa. Akafika mwisho. Akasoma tena kuhakikisha.

"Kula hakumo," akasema.

"Kula hakumo vipi?" Pacita akauliza, kama ametukanwa.

Erlinda akawa amekaa chini, kashika kichwa, anacheka na machozi yanamtoka. Akasema amesoma chuo, anajaza fomu za watu siku nzima, na siku ile aliandika kumi na mmoja bila kuinua kichwa, kwa sababu na yeye alikuwa ameziangalia sahani. Nikamwambia kalelewa vizuri, ndiyo sababu.

Doming ndiye aliyeuliza la maana. Aliuliza, kwa wawili, kipato cha Shangazi kinatosha? Erlinda akatafuta kiwango cha watu wawili, akaweka kidole kwenye karatasi yangu nyepesi, kidole kingine kwenye simu, na sote tukasimama nyuma yake kama watu wanaotazama mpira. Kilitosha. Kilizidi hata kidogo. Mishahara yangu ya kuwaogesha wazee wa watu na kuwakata kucha ilikuwa inatosha kumweka mume wangu nchini bila mdhamini wa pili, na tulikuwa tumebakiza upande mmoja wa selotepu kupeleka boksi zima la kumthibitishia afisa kwamba sisi kweli ni kumi na mmoja.

Crisanto aliondoka kwenye kiti chake. Alikuja akasimama karibu nami, akanishika bega.

Mkasi ukaletwa, selotepu ikakatwa, picha na barua ya sifa zikatolewa, na kila mtu akaichukua kodi yake. Erlinda akachapa fomu mpya kwenye mashine ya kuchapia ya watoto, akajaza yote, akaacha ile nafasi moja, akanipa kalamu. Akasema hii nataka uandike wewe, Mama.

Nikashindwa.

Mnisamehe, lakini nilishindwa. Nilikuwa nimekwisha kufurahi, na furaha ilikuwa bado imo, ila kuandika wawili mbele ya watu wale, huku Mzee Isko ananitazama akiwa na ule mfuko wake kifuani, kalamu ilikuwa nzito. Nikamgeukia. Nikamwambia kwamba hapa inabidi nimtoe. Kwamba ni kwenye karatasi tu.

Akafikiri. Alikuwa bado na peremende mdomoni.

"Kwa hiyo miezi yote hii," akasema, "serikali ya Marekani ilikuwa na karatasi inayosema mimi ni wa nyumba hii."

"Ilikuwa nayo."

"Na jina la nani lilitiwa chini?"

"Langu."

Akatikisa kichwa juu na chini mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa bei nzuri.

"Basi nitoe, Luz. Mimi nimeshatosheka. Mwache huyu kijana wako akae."

Kijana wangu wa miaka sitini na tisa akatazama dari. Pacita akatafuta leso kwenye kitabu cha nyimbo. Nikaandika wawili, kwa tarakimu kubwa, nikatia saini yangu.

Jibu letu likaisha likiwa jembamba. Juu kabisa ikakaa barua yao wenyewe, kama walivyoagiza, chini yake fomu mpya, kodi yangu kutoka ofisi ya kodi, karatasi ya mshahara, na barua fupi ya Erlinda inayoeleza kwamba mama yake aliwahesabu watu wanaokula kwake, na kwamba kodi inaonyesha kila mmoja wao anajitegemea. Nilimwambia aongeze kwamba si wavivu. Akakataa kuongeza.

Jumatatu Crisanto alivaa suti ya harusi kwenda posta. Nilimwambia ni bahasha, si ubalozi. Akasema anayemwomba mtu kitu humpelekea kwa heshima hata kama mtu huyo hamwoni. Akaibeba kwa mikono miwili mpaka kaunta, na mama wa kaunta akamuuliza kama ndani kuna kitu cha kuvunjika. Crisanto akanigeukia nimtafsirie. Nikatafsiri. Akafikiri kidogo, akasema mwambie ndiyo. Sikumwambia. Tungelipa zaidi.

Baada ya hapo tukangoja, na kungoja kwetu kulikuwa na kelele. Doming alikuwa anaingia na kutoka akiuliza kama wamejibu, kana kwamba watajibia kwenye gari lake. Erlinda alikuwa anafungua ule ukurasa wa uhamiaji kwenye simu kila akipata nafasi, hata kwenye foleni ya nyama. Ulisema jibu limepokelewa. Ukasema hivyo wiki baada ya wiki. Crisanto alianza kutengeneza kila kitu kilichokuwa kimevunjika nyumbani, na kilipokwisha cha nyumbani akaanza cha majirani.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka kazini, sijavua hata sare. Simu ikalia. Ilikuwa Erlinda, ananong'ona, maana mgonjwa alikuwa kwenye kiti mdomo wazi na daktari anachimba.

"Mama, kaa chini."

Nikamwambia nimekaa. Nilikuwa nimesimama katikati ya jikoni.

"Wamekubali. Kadi inatengenezwa."

Nikamwambia aseme tena. Akasema tena kwa sauti, na nikasikia daktari anauliza nini, na mgonjwa anasema kitu bila meno. Sikukata hata simu. Niliiacha mezani, nikatoka mbio kupita mlango wa nyuma, na mimi nina goti ambalo daktari amelikataza mbio.

Crisanto alikuwa gereji akigonga kiti cha Pacita. Nikajaribu kusema, pumzi ikakataa. Akaniona usoni, akaweka nyundo chini, akasubiri. Nikamwambia unabaki. Akakaa kwenye kile kiti ambacho mguu mmoja ulikuwa bado haujapigwa msumari, kikamwangusha chini pamoja nacho, na nilipomwendea kumwinua alikuwa anacheka amelala kwenye vumbi la mbao, hataki kuinuliwa. Nikakaa chini na mimi.

Tulikaa pale mpaka Mzee Isko akaja kuangalia nini kimeanguka. Tukamwambia. Akaenda kuwaambia wengine, na tukasikia mlango mmoja unafunguka, halafu mwingine, na Doming anaita jina langu kutoka barabarani.

Crisanto akanishika mkono.

"Luz," akasema, "kwenye kodi ya mwakani, jina langu litakaa juu ya lako au chini?"

"Chini. Mdhamini ni mimi."

Akakubali bila ubishi. Alikuwa na swali moja tu lililobaki, na aliliuliza akijipangusa vumbi, na macho yake yanang'aa kama ya mtu aliyealikwa: kama inaruhusiwa kuijaza leo.